Kuweka Python Mpya Kwenye QGIS Bila Kuvuruga Kazi

Ukipakua Python mpya, ukaisakinisha, kisha ukafungua QGIS na kuiuliza inatumia Python ipi, itakujibu namba ile ile ya jana. Wengi wakifika hapa hudhani kuna hatua wameikosea. Wanaondoa, wanasakinisha upya, wanabadilisha njia za mfumo, wanafuta folda wanazoziona za zamani, na ikifika jioni QGIS haifunguki kabisa, au inafunguka ikitoa taarifa kwamba Python imezimwa. Plagini zote zimepotea, na kesho yake kuna ramani inayosubiriwa na halmashauri.

Hakuna hatua waliyoikosea pale mwanzo. QGIS ya Windows na ya Mac huja na Python yake, imefichwa ndani ya folda za QGIS yenyewe, wala haijali kama kompyuta ina Python nyingine tano. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kupakua chochote ni hili: hiyo Python mpya unaitaka iingie ndani ya QGIS, au unaitaka kwa skripti zinazofanya kazi pembeni, zikikabidhi QGIS faili zilizokwisha kuchakatwa? Majibu haya mawili yana njia tofauti kabisa, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu kompyuta za watu.

Anza kwa kujua ulichonacho. Ndani ya QGIS fungua menyu ya Plugins, chagua Python Console, halafu andika mistari hii:

import sys
print(sys.version)
print(Qgis.QGIS_VERSION)
from osgeo import gdal
print(gdal.__version__)

Mstari wa pili unakupa toleo la Python, wa tatu toleo la QGIS, na wa mwisho toleo la GDAL, maktaba inayosoma na kuandika karibu kila aina ya faili ya ramani unayoijua. Andika namba hizo tatu mahali. Utazihitaji pale kitu kitakapogoma, na mtu yeyote utakayemwomba msaada atazitaka kabla ya kukujibu.

Kwa nini uandike zote tatu na si ya Python peke yake? Kwa sababu sehemu kubwa ya QGIS imeandikwa kwa C++. Kinachoiwezesha Python kuzungumza nayo ni faili za kati zilizojengwa mahususi kwa toleo moja la Python. Faili iliyojengwa kwa 3.9 haisomeki na 3.12, hata kama msimbo uliomo ni ule ule. GDAL nayo iko hivyo, na PROJ inayobadilisha mifumo ya kodineti, na Qt inayochora madirisha na vitufe. Ni kama injini na giaboksi: huwezi kuichomoa ya modeli moja ukaifunga kwenye nyingine kwa kuwa tu zote zimetoka kiwanda kimoja. Anayetaka Python mpya ndani ya QGIS anataka familia nzima iliyojengwa pamoja, na njia salama ya kuipata ni kuichukua kwa waliokwisha kuijenga.

Kuna sababu nzuri za kuitaka. Python hutoa toleo jipya kila Oktoba, na kila toleo hutunzwa kwa takriban miaka mitano. Toleo la 3.9, ambalo QGIS nyingi za Windows zilikaa nalo muda mrefu, lilifikia mwisho wa matunzo Oktoba 2025. Maktaba nazo zinasogea: NumPy 2.3 haikubali Python iliyo chini ya 3.11. Siku moja unajaribu kusakinisha maktaba ya kuchambua picha za setilaiti, pip, zana ya kusakinisha maktaba za Python, inakuletea toleo la zamani kimyakimya, na mfano ulioufuata kwenye mwongozo unakataa kufanya kazi ingawa umeunakili herufi kwa herufi.

Lakini usikimbilie toleo jipya kuliko yote. Ushauri wangu, nao nausimamia, ni kubaki toleo moja au mawili nyuma. Waandishi wa maktaba za ramani huchukua miezi kadhaa kuandaa faili zilizokwisha kujengwa kwa ajili ya toleo lililotoka karibuni, na mpaka hapo pip itajaribu kuzijenga kwenye kompyuta yako na kushindwa. Kwa sasa 3.12 ni chaguo tulivu. QGIS 3.40 ya Windows huja nayo, Ubuntu 24.04 nayo inayo, na maktaba zote kubwa za ramani zinaikubali.

Tuanze na njia nyepesi, ya kazi za pembeni, kwa kuwa wengi wanaodhani wanahitaji kuigusa QGIS hawahitaji. Kama skripti yako inasoma CSV za vituo vya maji, inaziunganisha na mipaka ya kata, inakata picha za setilaiti au inageuza faili za SHP kuwa GeoPackage, haina haja ya QGIS hata kidogo. Sakinisha Python 3.12 kutoka python.org, ukiacha wazi kile kisanduku cha Add python.exe to PATH ili Python hiyo isijitokeze mahali usipoitaka. Kisha, kwenye dirisha la amri:

py -3.12 -m venv C:\kazi\mazingira
C:\kazi\mazingira\Scripts\activate
python -m pip install geopandas rasterio

Amri ya kwanza inatengeneza mazingira yanayojitegemea ndani ya folda moja. Ya pili inakuingiza humo. Ya tatu inaleta maktaba. Chochote kitakachoharibika kitaharibikia ndani ya folda hiyo tu. Ukichoka nayo unaifuta na kuanza upya, QGIS haitajua kama kuna kitu kilitokea.

Zingatia kwamba kwenye amri ya tatu sikuandika gdal. Hapa watu hupoteza siku nzima. Ukiandika pip install gdal, kinachokuja ni msimbo mbichi unaotaka kujengwa, na unataka pia GDAL yenyewe iwe imeshakaa kwenye kompyuta kwa toleo lile lile. Kwenye Windows utaishia kuambiwa huna Microsoft Visual C++. Rasterio, na pyogrio ambayo geopandas huitumia kusoma faili, hubeba GDAL yao ndani, imeshajengwa tayari. Kwa kazi nyingi hiyo inatosha.

Sasa njia ya pili, ya kuingiza Python mpya ndani ya QGIS. Unaihitaji ukiwa unaandika plagini, unatumia zana za Processing kutoka kwenye skripti, au plagini unayoitegemea inadai maktaba ambayo Python yako ya sasa haiikubali. Hapa husakinishi Python. Unasakinisha QGIS mpya inayokuja na Python hiyo.

Kabla ya yote, tunza wasifu wako. QGIS huweka plagini, mitindo, miunganisho ya hifadhidata na mipangilio yako yote nje ya folda ya programu. Kwenye Windows viko AppData\Roaming\QGIS\QGIS3\profiles ndani ya folda ya mtumiaji, na kwenye Linux viko .local/share/QGIS/QGIS3/profiles. Nakili folda hiyo yote kwenye flashi au diski ya nje. Kama huioni, ndani ya QGIS nenda Settings, kisha User Profiles, uchague Open Active Profile Folder, itakufungulia yenyewe.

QGIS mpya unaweza kuiweka kando ya ile ya zamani bila kuiondoa. Kila moja inapata folda yake ndani ya Program Files. Lakini zote mbili husoma wasifu ule ule, na hapa ndipo mtego ulipo. Plagini iliyoleta maktaba zilizojengwa kwa 3.9 inaweza kugoma kwenye QGIS yenye 3.12 au kuiangusha, na mipangilio utakayoibadilisha huku itaonekana na kule. Basi ukifungua QGIS mpya kwa mara ya kwanza, nenda tena User Profiles utengeneze wasifu mpya, uupe jina linaloeleweka, na usakinishe plagini zako humo moja baada ya nyingine, ukianza na zile usizoweza kufanya kazi bila hizo. Ni kazi ya nusu saa. Ina faida kwamba plagini ikileta shida utaijua kwa jina.

Suala la ukubwa lisipuuzwe. Kisakinishi cha QGIS cha Windows kinazidi GB 1, na ofisi yenye kompyuta sita haiwezi kukipakua mara sita kwa bando la simu. Kwa hiyo napendekeza OSGeo4W, mfumo wa kusakinisha QGIS na maktaba zake kwenye Windows, kwa yeyote anayehudumia kompyuta zaidi ya moja. Kisakinishi chake kina chaguo la kupakua bila kusakinisha, Download Without Installing, na jingine la kusakinisha kutoka folda ya kompyuta, Install from Local Directory. Pakua mara moja, usiku ambapo mtandao ni mwepesi, weka folda hiyo kwenye diski ya nje, kisha pita nayo kompyuta moja baada ya nyingine. Ndani yake chagua Advanced Install, tafuta qgis-ltr, yaani toleo linalotunzwa kwa muda mrefu, na uache mengine yaje yenyewe kwa kufuata mahitaji yake. Maktaba za Python nazo zimo, majina yake yakianza na python3-, kama python3-pandas na python3-scipy. Ukizikuta humo zichukue humo, kwa sababu zimejengwa pamoja na QGIS hiyo hiyo.

Maktaba usiyoikuta OSGeo4W utaileta kwa pip, lakini siyo kwenye dirisha la kawaida la amri. Fungua OSGeo4W Shell, inayopatikana kwenye menyu ya Start karibu na QGIS, kisha uandike:

python -m pip install jina-la-maktaba

Dirisha hilo limeshapangwa lielekee kwenye Python ya QGIS. Ukitumia jingine, maktaba itaingia kwenye Python nyingine, pip itasema imefanikiwa, na QGIS itaendelea kudai haiioni. Soma pia orodha ambayo pip inakuonyesha. Ukiona inataka kuondoa numpy iliyopo na kuweka nyingine, simamisha. GDAL ya QGIS imejengwa kwa numpy fulani, na kuibadilisha ni kukata tawi ulilokalia. Rasterio na pyogrio nazo nisingeziingiza humo kwa pip kabisa. Zina GDAL yao, QGIS ina yake, na zikikutana ndani ya programu moja huweza kugombana kwa namna isiyotabirika.

Njia ya kupakua mara moja na kugawa inafanya kazi kwa pip pia, kwa yale mazingira ya kazi za pembeni. Kwenye kompyuta yenye mtandao:

python -m pip download geopandas -d D:\maktaba

Na kwenye zile zisizo na mtandao:

python -m pip install --no-index --find-links D:\maktaba geopandas

Sharti ni moja: kompyuta zote ziwe na mfumo endeshi wa aina moja na toleo moja la Python, maana pip hupakua faili zinazofaa pale ilipo tu.

Kuna tabia moja ya QGIS ya Windows inayowatesa waandishi wa skripti. Ukiuliza sys.executable ndani ya Python Console, hutapewa njia ya python.exe. Utapewa njia ya QGIS yenyewe. Skripti nyingi za kwenye mitandao huiita pip kwa kutumia sys.executable, na ukiziendesha ndani ya QGIS, badala ya maktaba kusakinishwa, dirisha jipya la QGIS linafunguka. Ukiliona hilo, ujue chanzo. Kwa skripti inayohitaji maktaba za QGIS bila kufungua QGIS, tumia python-qgis.bat, au python-qgis-ltr.bat, iliyomo kwenye folda ya bin.

Njia ya tatu naipenda kuliko zote kwa mtu anayeandika msimbo kila siku: conda-forge, ghala la programu na maktaba zilizokwisha kujengwa. Sakinisha Miniforge, kisha andika:

conda create -n ramani -c conda-forge python=3.12 qgis geopandas rasterio
conda activate ramani
qgis

Hapo QGIS, Python, GDAL na PROJ zote zinatoka ghala moja, zimejengwa zikijuana, na geopandas na rasterio zinashirikiana na GDAL ile ile ya QGIS bila ugomvi. Unataka kujaribu 3.13? Unatengeneza mazingira mengine yenye jina jingine, na yale ya mwanzo yanabaki kama yalivyo. Gharama yake ni nafasi kwenye diski na bando, kwani kila mazingira yanaweza kuchukua GB kadhaa. Kwa anayehariri leya mara mbili kwa mwezi, njia hii ni nzito kuliko haja yake.

Kwenye Ubuntu mambo ni mengine. Huko QGIS haibebi Python yake. Inatumia ile ya mfumo. Ubuntu 22.04 ina 3.10 na 24.04 ina 3.12. Usijaribu kuibadilisha python3 ya mfumo ielekee toleo jingine. Zana nyingi za Ubuntu zimeandikwa kwa Python hiyo, na ukiigeuza, apt italalamika kwamba haioni apt_pkg na dirisha la amri linaweza kukataa kufunguka. Unaweza kuongeza Python nyingine kando kwa ajili ya kazi za pembeni, lakini ukiandika import qgis ndani yake haitaipata, kwa sababu kifurushi cha python3-qgis kimejengwa kwa ile ya mfumo. Anayetaka QGIS yenye Python mpya kwenye Ubuntu apandishe Ubuntu yenyewe au atumie conda. Kwa kuongeza maktaba, pip ya Ubuntu mpya itakukataza na kukwambia mazingira haya yanasimamiwa na mfumo. Itii, utengeneze mazingira yako yanayoweza kuziona maktaba za mfumo:

python3 -m venv --system-site-packages ~/ramani

Wanaotumia ArcGIS Pro wana sheria fupi. Mazingira yanayokuja nayo, arcgispro-py3, yamefungwa yasibadilishwe. Yanakili kwanza kupitia Package Manager, kisha ongeza maktaba kwenye nakala. Python yenyewe hupanda pale ArcGIS Pro inapopanda, kwa mfano kwenye 3.3 ilipanda hadi 3.11. Na wenye skripti za ArcMap, zilizoandikwa kwa Python 2.7, wasikawie kuzihamisha, kwa kuwa tarehe ya kustaafishwa kwa ArcMap iliwekwa kuwa 1 Machi 2026.

Skripti za zamani zinahitaji maneno zaidi, kwani hapa Afrika Mashariki tunazo nyingi. QGIS 3.0, ya kwanza kutumia Python 3, ilitoka Februari 2018. Agosti ya mwaka huo huo Dar es Salaam ilipokea mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, FOSS4G. Mradi wa Ramani Huria ulikuwa umeanza tangu 2015, ukichora mitaa ya Dar inayokumbwa na mafuriko, mitaro na nyumba zake. Huko Zanzibar ndege zisizo na rubani zilikuwa zimeshaanza kupiga picha za Unguja na Pemba. Vijana wengi waliojifunza kuchora ramani kidijitali miaka hiyo walianzia kwenye QGIS 2 na Python 2, na skripti zao bado zinazunguka kwenye flashi na folda za pamoja za ofisi. Ni kazi nzuri, haistahili kutupwa kwa sababu ya mabano.

Ndiyo, mabano ndiyo ya kwanza: print bila mabano haikubaliki kwenye Python 3. Zana ya 2to3 ilikuwa ikirekebisha makosa ya aina hiyo yenyewe, lakini imeondolewa kuanzia 3.13, kwa hiyo ukiitaka itumie kwenye toleo la chini yake. Baada ya hapo kuna makosa yanayotokea hata kwa skripti zilizokuwa zikienda vizuri kwenye 3.9. Linalosumbua wenye plagini kuliko yote lilianza na 3.10. Zamani ukiipa Qt namba yenye desimali mahali ilipotaka namba kamili, Python iliikata desimali bila kusema. Sasa inakataa, na utaona ujumbe unaoishia na unexpected type 'float'. Kwa kawaida chanzo ni kugawanya: mtu ameandika upana / 2 ili kuweka dirisha katikati, na upana / 2 huzaa desimali hata ikiwa jibu ni namba kamili. Andika upana // 2, au izungushie int(). Ujumbe wenyewe unakutajia faili na mstari, kwa hiyo unaweza kurekebisha plagini ya mtu mwingine kwenye folda yako huku ukimtumia mwenyewe taarifa.

Python 3.12 iliondoa distutils na imp, ambazo plagini kadhaa zilizitumia kulinganisha matoleo au kupakia faili. Pia imeongeza ukali kwenye maandishi yenye mkwaju wa nyuma: njia ya Windows kama "C:\data\kata" itakuletea onyo. Weka r mbele ya alama za kufungua, r"C:\data\kata", au tumia mkwaju wa mbele. Na ukiwa unafungua faili hizo za zamani, tafuta kila palipoandikwa from PyQt5 ubadilishe iwe from qgis.PyQt. QGIS 4 inatumia Qt6, na badiliko hilo dogo litakupunguzia sehemu ya kazi utakapofika huko.

Sasa jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote yaliyotangulia. QGIS ikifunguka bila ujumbe mwekundu, usidhani umemaliza. Kosa linalopiga kelele si la kuogopwa. La kuogopwa ni lile linalotoa ramani nzuri yenye kiwanja kilichosogea. Ukibadilisha familia nzima ya maktaba umebadilisha pia PROJ, na PROJ ya sasa inafanya kazi tofauti na ile ya kabla ya 2019. Jaribu hivi, ndani ya kila mazingira mapya unayotengeneza:

from pyproj import Transformer
t = Transformer.from_crs(4326, 32737, always_xy=True)
print(t.transform(39.28, -6.82))

Hiyo ni nukta ya katikati ya Dar es Salaam, longitudo kwanza kisha latitudo, ikipelekwa kwenye UTM kanda ya 37 kusini. Jibu linapaswa kuwa karibu na 531,000 upande wa mashariki na 9,246,000 upande wa kaskazini. Ukiondoa always_xy=True, pyproj, inayoiunganisha Python na PROJ, itafuata mpangilio rasmi wa mfumo 4326, ambao unaanza na latitudo, na nukta yako itasomwa kuwa latitudo 39.28 kaskazini na longitudo 6.82 magharibi. Hapo ni magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Skripti za zamani zilizotegemea mpangilio wa longitudo kwanza zitakupeleka huko bila kulalamika.

Kosa la Hispania utaliona kwa macho. La pili ni gumu zaidi kulibaini. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya ziko kwenye datamu ya Arc 1960, ambayo kwa UTM kanda ya 37 kusini ina namba 21037, wakati GPS inatoa WGS 84. Ukiichukulia moja kuwa nyingine, kwenye eneo la Dar kila kitu kinasogea takriban mita 300. Mita 300 mjini ni mtaa mwingine. Kwa hiyo tafuta nukta ya upimaji ambayo kodineti zake zinajulikana kwa mifumo yote miwili, ibadilishe kwenye mazingira ya zamani, ibadilishe kwenye mapya, ulinganishe. Kwa kuwa PROJ inaweza kuwa na njia kadhaa za kuvuka kutoka datamu moja hadi nyingine, angalia QGIS imechagua ipi: nenda Settings, Options, kisha sehemu ya CRS and Transforms. Kama ofisi yako imekubaliana na njia moja, iweke hapo kabla ya mtu yeyote kuanza kazi.

Ukikutana na ujumbe unaolalamikia proj.db, ama haionekani ama ni ya toleo lisilofaa, kuna uwezekano mkubwa kwamba programu nyingine imeweka PROJ_LIB kwenye mipangilio ya Windows ikielekeza kwenye folda yake. Wenye PostGIS kwenye kompyuta hiyo hiyo waanze kuangalia hapo. Fungua orodha ya vigezo vya mfumo, tafuta PROJ_LIB, GDAL_DATA, PYTHONHOME na PYTHONPATH. Hizo mbili za mwisho, zikiwa zimewekwa kwa kompyuta nzima, ndizo mara nyingi huifanya QGIS iseme Python imezimwa. Ziandike pembeni thamani zake, ziondoe, uwashe QGIS upya. Programu nyingine ikizihitaji, itengenezee faili ndogo ya .bat inayoziweka kwa ajili yake tu.

Baada ya nukta kukubali, fungua mradi mmoja halisi uliokwisha kuutoa, uchapishe ramani yake kwenye QGIS mpya, uweke karatasi mbili sambamba. Angalia lebo, fonti, mpangilio wa leya, na thamani ya eneo la angalau poligoni moja kubwa. Usihifadhi mradi huo juu ya faili ya zamani. Uhifadhi kwa jina jipya, kwa kuwa QGIS ya zamani inaweza isielewe yote yaliyoandikwa na mpya, na mwenzako wa kompyuta ya pili huenda bado hajahamia.

QGIS ya zamani iache mpaka kazi zote ulizozianza nayo ziwe zimekabidhiwa. Ukifika wakati wa kuiondoa, iondoe kupitia orodha ya programu za Windows, usifute folda kwa mkono. Kwa conda ni conda env remove -n ikifuatiwa na jina la mazingira, kisha conda clean --all kurudisha nafasi iliyoliwa na faili za kupakuliwa. Wasifu wako hautaguswa na kuondoa huko, lakini ile nakala ya kwenye flashi ibaki nayo.